OKR, KPI au kipimo kimoja kikuu? Ulinganisho kwa timu za bidhaa za Mtwara na Lindi

Kwa timu nyingi za huku kusini zinazotengeneza huduma za simu kwa wakulima, mwezi wa nane ndio mwezi wa kupanga. Mikorosho iko kwenye maua, wakulima wanapambana na ugonjwa wa ubwiri unga kwa salfa, na mnada wa kwanza wa korosho uko wiki chache mbele. Ukikosea lengo mwezi huo, kosa utaliona Desemba, na nafasi ya kulirekebisha ni mwakani.

Ndiyo maana swali la njia ya kuweka malengo nalichukulia kwa uzito. Nimefanya kazi na timu ndogo za bidhaa hapa Mtwara, na kwa nyakati tofauti tumetumia njia tatu ambazo meneja wa bidhaa hukutana nazo sana: OKR, KPI, na kipimo kimoja kikuu. Zote zimetusaidia. Zote pia zimetuumiza, pale tulipozitumia pasipo pake. Naandika kwa ajili ya yule aliyekwama katikati yake.

Tuchukue huduma moja ya mfano ili tuelewane. Mkulima wa Tandahimba amepeleka korosho AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. Akibonyeza namba za menyu kwenye kiswaswadu chake, bila bando, anaona mambo matatu: kilo zake zilizopokelewa, bei iliyopatikana mnadani, na malipo yake yamefikia hatua gani. Timu ina watu sita: meneja wa bidhaa, watengeneza programu wawili, mtu mmoja wa kupokea simu za wateja, na maofisa wawili wanaozunguka vijijini. Namba zote za huduma hii hapa chini ni za mfano tu.

Njia zenyewe

OKR ni lengo na matokeo yake makuu. Andy Grove aliisuka akiwa kampuni ya Intel miaka ya 1970, akijenga juu ya wazo la mwandishi wa mambo ya uongozi Peter Drucker la mwaka 1954 la kuongoza kazi kwa malengo. John Doerr aliifahamu hapo Intel, akaipeleka Google mwaka 1999. Unaandika lengo kwa maneno ya kawaida, chini yake matokeo matatu hadi matano yenye namba, na unaweka muda, mara nyingi robo mwaka.

KPI ni viashiria vya utendaji: namba chache unazozitazama siku zote, kila moja ikiwa na kiwango ambacho ikikivuka unajua kuna tatizo. Ofisi nyingi huku zinaijua hii kuliko zote, kwa sababu ndiyo wafadhili na benki wanayoiomba kwenye ripoti.

Kipimo kikuu ni namba moja tu inayoeleza faida anayoipata mtumiaji, na timu nzima inaifuata. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Airbnb, kampuni ya kupangishia wageni nyumba kwa mtandao, ambako huhesabu usiku uliolipiwa na wageni. Wamarekani huiita njia hii kwa jina la nyota ya kaskazini. Sisi tulio nyuzi kumi kusini mwa ikweta nyota hiyo hatuioni, na nahodha wa jahazi akitoka Mikindani usiku hawezi kuitegemea, basi nitasema kipimo kikuu tu.

Kuna atakayeuliza SMART iko wapi. George Doran aliiandika mwaka 1981, na inafaa sana kama chujio la kusafishia sentensi ya lengo: je, liko wazi, linapimika, lina mwenyewe, linawezekana, lina tarehe? Lengo lolote lipitishwe humo. Lakini haishindani na hizi tatu, kwa hiyo naiacha.

Nitazilinganisha kwa maswali matano: kila njia inajibu swali gani, inahimili vipi msimu, inagharimu nini kupima, inadanganywaje, na nani nje ya timu anaielewa. Kwenye msimu na kwenye udanganyifu nitakaa zaidi, maana hapo ndipo nimeona timu za huku zikiumia.

Kila moja inajibu swali gani

OKR inajibu: tunataka kubadilisha nini, na tutajuaje kuwa kimebadilika? Kwa huduma yetu lengo linaweza kuwa: "Mkulima asipande bodaboda kwenda AMCOS kuulizia malipo yake." Matokeo makuu: wakulima wanaofungua ukurasa wa malipo kwenye kila mnada wapande kutoka 25 hadi 60 kwa kila 100, simu za kuulizia malipo zishuke kutoka 30 hadi 10 kwa kila wakulima 100, taarifa ya hatua ya malipo iingie kwenye mfumo ndani ya saa 24 badala ya siku nne.

Angalia ambacho hakimo. Hakuna "kujenga menyu mpya kabla ya Oktoba". Hiyo ni kazi. Menyu inaweza kujengwa ikapendeza, na mkulima akaendelea kulipa nauli ya bodaboda. Pia hakuna "malipo yafike ndani ya siku tano". Katika mfumo wa stakabadhi ghalani korosho hutoka AMCOS, huingia ghala kuu, huuzwa mnadani, mnunuzi hulipa, ndipo fedha zishuke kwenye akaunti ya mkulima. Timu yenu haina mkono kwa mnunuzi, kwa chama kikuu wala kwa benki. Mnachoweza kubadilisha ni kile anachokijua mkulima wakati fedha ziko njiani. Ukiahidi tokeo lisilo mikononi mwako, utavunja moyo wa timu bila sababu.

KPI inajibu: mashine yetu ni nzima? Kwa kila mara 100 menyu inapofunguliwa, inakatika mara ngapi? Kilo zilizo kwenye mfumo zinalingana na zilizo kwenye stakabadhi? Meseji zinatugharimu shilingi ngapi kwa mkulima mmoja? Namba hizi hazikuambii uende wapi, ila hukushtua mapema kabla chombo hakijajaa maji.

Kipimo kikuu kinajibu: mtumiaji anafaidika kweli? Swali hili linaonekana jepesi, na sisi lilitupita msimu mzima. Tulianza kwa kuhesabu meseji za bei zilizotumwa. Namba ilipanda kila wiki na tukawa na furaha. Siku moja nikiwa Kitangari, mama mmoja mwenye shamba lake la korosho aliitikia shikamoo yangu, kisha akasema: "Marahaba, mwanangu. Bei nimeshaisikia kwa jirani kabla meseji yenu haijafika. Mie nataka kujua hela yangu imekwama wapi." Tangu siku hiyo tuliacha kuhesabu meseji. Tukaanza kuhesabu wakulima waliojua hatua ya malipo yao kwa simu, mnada kwa mnada.

Msimu

Vitabu na mafunzo mengi ya malengo yameandikwa kwa bidhaa ambazo Machi na Novemba kwake ni miezi sawa. Kwetu si hivyo. Minada ya korosho huanza Oktoba na kushika kasi hadi Desemba, na miaka mingine hugusa Januari. Februari hadi Mei, wakati wa mvua, karibu hakuna anayefungua menyu ya malipo. Juni na Julai ufuta unaingia sokoni, na hapo Lindi ndiyo inayochangamka: Kilwa, Nachingwea, Ruangwa, Liwale. Baada yake mbaazi.

OKR ya robo mwaka ikiwekwa juu ya kalenda hiyo, Oktoba hadi Desemba inakaa sawasawa na korosho, ila hilo ni bahati tu. Januari hadi Machi timu inajikuta inapima ukimya. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha Machi ambapo watu wazima, wenye akili zao, walikuwa wakieleza kwa nini matumizi "yameporomoka kwa asilimia tisini". Hakuna kilichoporomoka, korosho zilikuwa zimeisha. Ushauri wangu kwa atakayechagua OKR ni kuiachia robo mwaka na kuifunga kwenye msimu: moja ya ufuta, moja ya korosho, na moja ya miezi ya mvua ambayo haigusi matumizi kabisa, bali inahusu ubora, kama vile kusafisha orodha za wanachama na kurekebisha majina yaliyoingizwa mara mbili.

Tena ufuta una faida ambayo timu nyingi hazijaitumia. Huuzwa kwa minada, kupitia AMCOS na maghala, kama korosho. Timu ikiweka tokeo lake wakati wa ufuta, mwezi wa saba inakuwa na namba ya kweli ya kuanzia, na ina miezi miwili ya kurekebisha kabla ya korosho. Lengo la "kutoka 25 hadi 60" halina maana kama hiyo 25 imekisiwa mezani.

KPI inahimili msimu vizuri kuliko OKR, kwa sharti moja: tenganisha viashiria vya uzima na viashiria vya matumizi. Menyu kukatika ni kosa Februari na ni kosa Novemba. Idadi ya watumiaji usiilinganishe Novemba na Agosti. Linganisha mnada wa tatu wa mwaka huu na mnada wa tatu wa mwaka jana. Na kando ya kila namba weka daftari la matukio. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam upande wa Kilwa, na mwezi huohuo nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipata hitilafu na nchi nzima ikasumbuka. Mtu akisoma namba za mwezi ule bila daftari atawalaumu watu wasio na kosa.

Kipimo kikuu kina udhaifu hapa ambao hauonekani mpaka mavuno yapungue. Ukihesabu jumla ya wakulima waliojua hatua ya malipo yao, namba itashuka mwaka ambao mvua zimeharibu maua, hata kama huduma imeboreka. Kwa hiyo kihesabiwe kwa uwiano: kati ya kila wakulima 100 waliouza kwenye mnada huu, wangapi walijua kwa simu? Hapo mavuno yakipanda au yakishuka, kipimo kinabaki kinasema habari za huduma yenu. Miezi isiyo na mnada kiacheni kilale. Msikitafutie mbadala wa kujaza dashibodi.

Gharama ya kupima

KPI ndiyo rahisi: mfumo wenyewe unahesabu, na mtengeneza programu mmoja anaweza kuandaa ripoti ndani ya siku chache.

OKR inagharimu muda wa watu. Nusu saa kila wiki inatosha kwa timu ya watu sita, lakini lazima iwe kila wiki. OKR inayofunguliwa mwanzo na mwisho wa msimu ni karatasi tu.

Kipimo kikuu ni cha gharama zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kukijua kunahitaji orodha ya waliouza kutoka AMCOS ilinganishwe na namba za simu zilizofungua menyu, na hapo mnakutana na maisha: nyumba nzima ina simu moja, laini imesajiliwa kwa jina la mtoto aliyeko Dar, babu anasomewa na mjukuu. Je, babu amejua? Kwangu mimi amejua, na ahesabiwe. Njia nafuu ni kuwapigia simu wakulima 50 waliochaguliwa bila upendeleo baada ya kila mnada na kuwauliza swali moja. Vocha ya kazi hiyo haifikii nauli ya ofisa mmoja kwenda Liwale na kurudi.

Zinavyodanganywa

Mwaka 1975 mchumi Mwingereza Charles Goodhart alieleza jambo ambalo kila meneja huligundua mwenyewe kwa machungu: namba iliyokuwa ikieleza hali vizuri huacha kuieleza pale unapoanza kuitumia kuwabana watu. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 mwezi Septemba 2016, baada ya kubainika kuwa wafanyakazi waliosukumwa na malengo ya mauzo walikuwa wamewafungulia wateja akaunti kwa mamilioni bila ridhaa yao.

Kwa udogo wake, nimeliona hilo vijijini. Timu moja iliwalipa maofisa wake kwa kila mkulima aliyesajiliwa. Usajili ulipaa. Tulipopiga namba zile, nyingi hazikuwa hewani, na majina mengine yalirudiwa kwa herufi tofauti. Siwalaumu wale vijana. Walifanya kile walicholipwa kufanya. KPI ndiyo huumia zaidi kwa namna hii, kwa kuwa ndiyo hufungwa kwenye posho. Kama ni lazima mlipe kwa namba, lipeni kwa mkulima aliyefungua menyu mwenyewe kwenye minada miwili tofauti.

OKR hudanganywa kwa njia ya kimyakimya: watu huweka lengo dogo. Google huipa kila tokeo alama kati ya 0 na 1, na 0.6 hadi 0.7 huchukuliwa kuwa kazi nzuri, kwa sababu lengo lilikusudiwa kuwavuta watu juu. Siku utakayofunga alama hizo kwenye mshahara, kila mtu atapata 1, na hakuna kitakachobadilika kwa mkulima.

Kipimo kikuu, kwa kuwa ni kimoja, timu huweza kukipandisha huku ikiharibu kingine. Ukitaka wakulima wengi wafungue ukurasa wa malipo, waandikie "imelipwa" mapema, hata kabla benki haijathibitisha. Watafungua kwa wingi. Kesho yake watapanga foleni benki, hela hamna, na hawatawaamini tena. Kwa hiyo kipimo kikuu kisiachwe peke yake; kipewe mlinzi. Kwa huduma yetu mlinzi ni taarifa ngapi za malipo zilikuwa sahihi. Mlinzi akishuka, kupanda kwa kipimo kikuu hakuhesabiki.

Nani anaielewa

Kwenye mkutano wa wanachama wa AMCOS, kipimo kikuu ndicho chenye nguvu. "Kati ya kila wakulima mia wa hapa waliouza mnada uliopita, arobaini walijua malipo yao kwa simu." Kila aliyekaa chini ya mwembe ameelewa, na wale sitini watauliza mbona wao hawakujua. Hilo swali lina thamani kuliko ripoti nyingi.

KPI huzungumza na mfadhili, benki na mhasibu. OKR ni ya ndani ya timu. Ukitoka nje ya ofisi acha herufi hizo tatu, sema lengo letu la msimu huu ni hili, inatosha.

Ipi kwa hali ipi

Kama huduma ni mpya na hamna hakika mkulima anaihitaji kwa jambo gani, anzeni na kipimo kikuu na mlinzi wake. OKR itawapa matokeo ya kukisia, na KPI zitapima uzima wa kitu ambacho pengine hakitakiwi. Tumieni msimu wa ufuta kukitafuta kipimo hicho, na kubalini kukibadilisha mara moja kabla ya Oktoba.

Kama huduma imeshapita misimu miwili, watu wanaitumia, lakini siku ya mnada inalemewa na menyu inakatika, chukueni KPI tatu au nne za uzima na msiongeze neno. Kuweka lengo la kukua juu ya mfumo unaoanguka ni kuwaita wageni kwenye nyumba inayovuja.

Kama mfumo ni mzima ila matumizi yamesimama pale pale msimu hadi msimu, OKR ndiyo mahali pake. Lengo moja kwa msimu. Mkiwa na mawili, mtengeneza programu atafuata hili na ofisa wa kijijini atafuata lile.

Kama mna bidhaa mbili, tuseme ufuta kwa Lindi na korosho kwa Mtwara, kipimo kikuu kimoja kinaweza kuwaunganisha, kisha kila upande uwe na OKR yake kwa msimu wake. Msiwalinganishe kwa namba moja. Liwale na Mtwara mjini hazifanani kwa mtandao wala kwa umbali.

Kama mfadhili anataka KPI kumi na mbili kila robo mwaka, mpeni, zikusanywe na mfumo wenyewe, na ziwe za ripoti. Katika hizo chagueni mbili mtakazozijadili wenyewe kila wiki. Inafaa pia kumwomba mapema, wakati wa kusaini mkataba, akubali kusoma namba zenu kwa misimu. Nimeona wafadhili wakikubali wanapoonyeshwa kalenda ya minada.

Kama mko watatu tu, msijaribu zote tatu. Namba moja kwenye karatasi ukutani, iandikwe kwa kalamu ya wino baada ya kila mnada, inatosha kwa mwaka wa kwanza. Timu ya watu sita hadi kumi yenye mtu wa kufuatilia inaweza kubeba kipimo kikuu kwa mwaka mzima, KPI tatu za uzima, na OKR moja kwa msimu.

Na kama unasoma haya Oktoba, mnada wa kwanza umeshapita na hamna lengo lolote, msiandike lengo kwa haraka. Pigeni simu zile 50 baada ya mnada wa pili, wa tatu na wa nne, muweke majibu pamoja na tarehe na matukio ya wiki ile. Ufuta ukifika mwezi wa sita mtakuwa na namba ya kuanzia.